Damu Safi, Uvimbe Unakua

Mwenzako amemaliza dripu zote. Vipimo vya damu havina doa. Mmeshafanya na sherehe ya shukrani. Halafu kitu kinaota tena tumboni. Ndiyo mwisho? Sivyo, na mimi na mume wangu ni mashahidi.

Ukitaka mwanaume wa mjini akusikilize unapomwambia habari za mwili wake, anzia kwenye mpira. Basi na mimi naanzia hukohuko. Tarehe 11 Februari 2024, pale Abidjan, Sébastien Haller aliifungia Ivory Coast goli la pili dhidi ya Nigeria na Kombe la Mataifa ya Afrika likabaki nyumbani. Wengi walijua kwamba jamaa alikuwa ametoka kuugua kansa ya korodani. Kilichowapita ni hiki: aligunduliwa Julai 2022, siku chache tu baada ya kujiunga na Borussia Dortmund ya Ujerumani. Akafanyiwa upasuaji, akapigwa mizunguko minne ya kemotherapi, halafu Novemba mwaka huohuo akarudishwa chumba cha upasuaji kwa mara ya pili. Januari 2023 ndipo akarudi uwanjani.

Yupo na mwingine, Yeray Álvarez, beki wa Athletic Bilbao ya Hispania. Yeye alipata habari yake Desemba 2016. Akapasuliwa, na Februari 2017 akawa ameshaanza kucheza. Watu wakapiga makofi, wakasahau. Juni 2017 ugonjwa ukarudi. Safari hii akahitaji kemotherapi, na wachezaji wenzake wakanyoa vipara kumuunga mkono. Mwaka 2018 alikuwa uwanjani tena.

Hiyo awamu ya pili ndiyo ninayotaka tuiongelee leo. Ya kwanza ina watu wengi: maua, pole, michango ya kwenye simu, maombi. Ya pili ina watu wachache na maneno mengi. Na kwa wanandoa, ya pili ndiyo inayouma zaidi, maana mlishaanza kupanga maisha.

KANSA YA VIJANA

Kansa ya korodani si ugonjwa wa wazee. Huwapata zaidi wanaume wa kati ya miaka 15 na 40, yaani umri uleule wa kutafuta kazi, kutoa mahari na kulea mtoto wa kwanza. Kwa Waafrika ni adimu kuliko kwa Wazungu, na hapo ndipo penye mtego. Kwa kuwa ni adimu, mtu akiona korodani imevimba anadhani ni busha, au kagongwa mpirani, au "itapita tu". Aliyezaliwa na korodani ambayo haikushuka yuko kwenye hatari zaidi, hata kama alifanyiwa marekebisho utotoni.

Habari njema ni kwamba hii ni moja ya kansa zinazopona vizuri kuliko zote. Haikuwa hivyo zamani. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikishasambaa mwilini wagonjwa wengi walikufa. Mwaka 1974, kule Indiana, Marekani, Dk. Lawrence Einhorn alimpa kijana mmoja, John Cleland, dawa mpya inayoitwa sisplatini pamoja na dawa nyingine mbili. Kijana huyo alishajaribiwa dawa nyingine bila mafanikio. Uvimbe wake ukayeyuka, naye akaishi miaka mingi baada ya hapo. Leo hata ikiwa imesambaa, takriban watu 8 kati ya 10 hupona. Ikiwahiwa kabla haijatoka kwenye korodani, karibu wote hupona.

Sasa, kama inapona hivyo, kwa nini uvimbe urudi?

TULIDHANI TUMEMALIZA

Mume wangu ameniruhusu kuandika haya kwa sharti kwamba nisimtaje jina na nisimfanye aonekane shujaa. Nakubali yote mawili.

Alikuwa na miaka 34, sisi tukiwa na mwaka na nusu kwenye ndoa. Korodani ya kushoto ilitolewa kupitia mpasuo wa kinenani, siyo kwenye mfuko wenyewe. Ndivyo inavyotakiwa, ili kansa isipate njia mpya ya kusambaa. Matezi ya ndani ya tumbo yalishavimba, kwa hiyo akaanzishiwa mizunguko ya bleomisini, etoposidi na sisplatini, kila mmoja wa siku 21. Nywele zikaenda. Hamu ya kula ikaenda. Chakula kikawa na ladha ya chuma mdomoni, akawa anakula maembe mabichi na chumvi kama mama mjamzito. Mimi nikawa namtania kwamba mimba kabeba yeye.

Kumbe utani wangu haukuwa mbali na sayansi! Baadhi ya kansa hizi hutoa kwenye damu hCG, homoni ileile inayotafutwa kwenye kipimo cha ujauzito. Nyingine hutoa AFP, protini ambayo mtoto huitengeneza kwa wingi akiwa tumboni mwa mama. Madaktari huzitumia kama viashiria. Zikipanda, kansa inafanya kazi. Zikishuka mpaka kawaida, dawa imeshinda.

Za kwetu zilishuka. Skani ya CT ikaonyesha doa dogo limebaki nyuma ya tumbo, halifiki hata sentimita 1. "Hili tutalitazama kwa macho," daktari akasema. Tukafurahi. Tukaenda kanisani kutoa shukrani, shemeji zangu wakachinja mbuzi.

Miezi minane baadaye, kwenye kliniki ya kawaida kabisa, damu ilikuwa safi. AFP safi, hCG safi. Lakini lile doa lilikuwa limefika sentimita 5.

Mume wangu alitazama ile picha, akaniangalia mimi, akasema, "Mke wangu, imerudi." Daktari akamkatiza palepale: "Bwana, subiri. Hatujui kama imerudi. Tunachojua ni kwamba kuna kitu kinakua."

VITU VITATU VINAVYOBAKI

Nimekuja kuelewa kwamba sentensi ile ya daktari ndiyo ufunguo wa mambo yote. Watu tunasema "uvimbe umerudi" kana kwamba ni kitu kimoja. Kumbe kinachobaki au kuota baada ya matibabu kinaweza kuwa kimoja kati ya vitatu.

Cha kwanza ni kovu, yaani seli zilizokufa tu, kama majivu baada ya moto.

Cha pili ni kansa hai, seli ambazo dawa haikuzimaliza. Mara nyingi viashiria vya damu hupanda tena. Hapo zipo dawa za awamu ya pili, na kwa wengine dozi kubwa pamoja na kurudishiwa chembe mama za damu yao wenyewe. Hata hapa wapo wengi wanaopona.

Cha tatu kinaitwa teratoma. Hii ni tishu iliyokomaa: gegedu, tezi, ngozi, hata meno au nywele mara chache. Si kansa kwa maana ya kawaida, na haitoi hCG wala AFP. Ndiyo maana damu inakuwa safi huku uvimbe unakua. Mwaka 1982 madaktari wa Marekani waliieleza hali hii na kuipa jina lake: teratoma inayokua. Ina dalili tatu. Viashiria vya damu viko kawaida, uvimbe unaongezeka wakati wa dawa au baada yake, na ukitolewa maabara inakuta teratoma tupu.

Kwa wagonjwa ambao kansa yao si ya aina ya seminoma, mabaki yanayotolewa baada ya kemotherapi huwa hivi: katika kila 10, manne hivi ni kovu, manne hivi ni teratoma, na moja hivi ndilo lenye kansa hai. Wenye seminoma tupu mambo yao ni tofauti. Mabaki yao mara nyingi ni kovu, na madaktari huwa hawakimbilii kupasua.

"Sasa kama si kansa, si tuiache?" Hilo ndilo lilikuwa swali langu, na nadhani ni swali la kila mke. Jibu ni hapana, kwa sababu mbili. Kwanza, haikomi kukua. Inaweza kubana mirija ya mkojo, utumbo au mishipa mikubwa ya damu, mpaka figo ikafa kimyakimya. Pili, baada ya muda teratoma inaweza kugeuka na kuwa kansa ya aina nyingine kabisa, ambayo dawa za korodani haziiwezi.

Na kemotherapi haiigusi, mionzi pia haiigusi. Dawa hizi huua seli zinazogawanyika haraka, na teratoma inakwenda taratibu. Daktari wetu alikulia shamba, akatupa mfano wa kwao: sumu ya magugu inaua yanayochipua, lakini kisiki unakichimba.

"KANSA HAITAKI KISU"

Hapa ndipo familia inapoingia. Habari zilipofika nyumbani kwao, kikao kikaitwa Jumamosi. Baba mdogo ndiye aliyefungua. Akasema kwa upole kabisa kwamba mtoto wao alikuwa mzima mpaka alipoguswa na kisu, na kila mtu anajua kansa haitaki kisu, ikiguswa inasambaa. Tena uvimbe unaorudi wakati vipimo vinasema mtu ni mzima, huo si wa hospitali. Kuna mzee mmoja anaweza kuangalia.

Mama mkwe hakusema neno mpaka mwisho. Kisha akanigeukia: "Mwanangu, wewe ndiye unayelala naye. Unasemaje?"

Nilijua sitashinda kwa kubishana na wakubwa. Nikamwambia, "Mama, nimewasikia wazee wangu wote. Naomba Jumatano twende wote kwa daktari, umuulize wewe mwenyewe kwa mdomo wako." Baba mdogo akakohoa, lakini hakukataa.

Jumatano tukaenda. Mama akaamkiwa, akapewa kiti cha mbele, akauliza bila kuzunguka. Daktari hakumcheka. Akamwambia kwamba hofu hiyo ina chanzo chake. Watu wengi kwetu hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasambaa, wanapasuliwa, wanafariki, na lawama inabaki kwa kisu. Kisha akaweka skani mbili ubaoni, ya zamani na mpya. "Mama, hili doa lilikuwepo kabla. Halikuletwa na kisu. Dawa ilimaliza kansa yote tunayoweza kuipima, ikabakisha hiki ambacho haikiwezi. Mganga hana dawa yake na mimi sina dawa yake. Kina kisu peke yake."

Mama mkwe alikaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza tarehe.

Upasuaji ulichukua saa sita. Walifungua tumbo kuanzia juu mpaka chini, wakasogeza utumbo pembeni, wakatoa matezi yote yaliyo kando ya mshipa mkubwa wa damu na uti wa mgongo. Si operesheni ndogo, na inataka daktari aliyeizoea. Majibu ya maabara tuliyasubiri siku 12. Teratoma tupu. Hakuna seli ya kansa.

CHUMBANI, TUSEME UKWELI

Najua wapo mnaosoma mkisubiri kipengele hiki. Kwanza, korodani moja inatosha. Inatosha kwa nguvu za kiume, kwa ndevu, kwa sauti na mara nyingi kwa mtoto. Homoni zikipungua kweli, hupimwa na kuongezwa.

Pili, kemotherapi hupunguza mbegu, wakati mwingine mpaka sifuri. Kwa wanaume wengi hurudi zenyewe, lakini inaweza kuchukua mwaka mmoja, miwili au zaidi, na wapo ambao hazirudi. Kwa hiyo kama mnataka watoto, suala la kugandisha mbegu liulizwe KABLA ya dripu ya kwanza. Zipo kliniki za upandikizaji mimba Dar es Salaam na Nairobi. Ni gharama, ndiyo, lakini ulizeni. Na wakati wa dawa na miezi kadhaa baada yake tumieni kinga, daktari atawaambia mpaka lini.

Tatu, huu upasuaji wa tumbo hupita karibu na mishipa ya fahamu inayosukuma shahawa nje. Ikikatwa, mwanaume anasimamisha kama kawaida, anafika kileleni kama kawaida, ila hakitoki kitu. Kwa mwanaume ambaye hajaambiwa, hilo linaweza kumvunja kabisa. Daktari mzoefu huweza kuiokoa mishipa hiyo kwa wagonjwa wengi, siyo wote. Ikishindikana, mbegu bado zinaweza kuvunwa kitaalamu.

Kwetu upande mmoja uliokolewa. Miezi minne ya kwanza mume wangu alikuwa analala amenipa mgongo. Sikumlazimisha kuongea. Usiku mmoja umeme umekatika, tumekaa barazani, akasema mwenyewe: "Naogopa utanihesabu mwanaume nusu." Nikamjibu, "Mimi sikuolewa na korodani, baba." Akacheka mpaka mshono ukamuuma. Kuanzia hapo tukaanza upya, taratibu, kama wachumba. Mtoto bado hatujapata. Tunasubiri, na hatuna haraka ya kujieleza kwa mtu.

KLINIKI NDIYO DAWA YA MWISHO

Uvimbe wa mume wangu haukuuma. Hakukonda, hakukohoa. Bila ile skani ya kawaida tungeujua siku figo imegoma. Na bila skani, damu peke yake ingetudanganya.

Wengi ambao ugonjwa huwarudia, huwarudia ndani ya miaka miwili ya kwanza, na ndiyo maana kliniki huwa za karibukaribu kipindi hicho. Baadaye zinaachana, lakini haziishi haraka, maana wapo wachache wanaorudiwa hata baada ya miaka mingi. Tena ipo ile korodani iliyobaki. Karibu watu 2 katika kila 100 hupata kansa upande wa pili.

Tatizo ni kwamba mtu aliyepona hapendi harufu ya hospitali. Atasema yuko safarini kikazi, bima imekwisha, mwezi ujao. Mwezi ujao unakuwa mwaka. Hapa ndipo wewe mwenzi unapohitajika, siyo kama polisi bali kama mtu wa kusindikizana naye. Sisi siku ya kliniki tunachukua ruhusa wote, tukitoka tunapitia samaki wa kukaanga Feri. Imekuwa ratiba yetu.

YA KUONDOKA NAYO

Kama mwenzako anatibiwa au amemaliza kutibiwa, fanyeni haya:

Ombeni nakala ya majibu ya maabara ya korodani iliyotolewa. Ulizeni: ni seminoma au siyo? Ilikuwa na teratoma ndani? Kama ilikuwa nayo, kaeni macho zaidi.

Baada ya dripu ya mwisho, ulizeni kuna kitu kimebaki kwenye skani, kina ukubwa gani, na kitatazamwa au kitatolewa. Mabaki yanayozidi sentimita 1, kama kansa si seminoma, kwa kawaida hutolewa.

Tunzeni skani zote. Mpya haina maana bila ya zamani ya kulinganisha.

Akiambiwa kinakua, msikimbilie kusema "imerudi". Ulizeni ni kipi kati ya vile vitatu.

Kila mwezi, baada ya kuoga maji ya moto, ajipapase korodani iliyobaki. Mkisaidiana siyo dhambi.

Kwa Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam ndiyo kituo cha taifa, na huduma za kansa zipo pia Bugando kule Mwanza na KCMC kule Moshi. Mkihitaji upasuaji huu wa tumbo, msione haya kumuuliza daktari ameshafanya mingapi. Mzuri hatakasirika.

Na wakubwa wa familia wakiitisha kikao, nendeni. Waheshimuni, wasikilizeni, kisha waalikeni wao nao waje kliniki. Mama mkwe wangu siku hizi ndiye anayenipigia simu usiku wa kuamkia tarehe: "Mwanangu, kesho hamjasahau?"

Hatujasahau, mama.